Lubaga Iliposhangilia Kabla ya Hesabu Kwisha

Siku ya Alhamisi, Desemba 11, 1980, habari zilipanda kilima cha Lubaga kwa mwendo usiohitaji gari wala simu. Ilisemwa kwamba chama cha DP kimeshinda katika Kampala, kimeshinda huku na huku katika Buganda, na kwamba kiongozi wake, Paul Kawanga Ssemogerere, ndiye atakayeapishwa kuwa Rais wa Uganda. Hata redio za nchi za nje zilikuwa zikitoa habari za kuelekea huko. Watu wa Kampala wakamiminika barabarani kwa nyimbo na vigelegele, na matawi ya miti yakapepea juu ya vichwa vyao. Walioshangilia hawakuwa wamehongwa wala kulazimishwa. Kila mmoja alikuwa amesikia hesabu ya kituo chake mwenyewe, akaongeza ya jirani, akaona imetosha.

Kwa mtu asiyekijua kilima hicho, yafaa aelezwe kwanza kwa nini furaha ya Lubaga ilikuwa kubwa namna ile. Juu yake lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya miaka 1914 na 1925, na kando yake ipo hospitali iliyoanza mwaka 1899. Hapo palikuwa na makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza kabla ya Mapadri Weupe kupewa sehemu ya ardhi. Sasa, chama cha DP, kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, kilikuwa na wafuasi wengi mno miongoni mwa Wakatoliki, hata watani wake wakakipa jina la kejeli kwamba ni chama cha dini ya Papa. Hiyo haikuwa haki, maana walikuwamo na watu wa dini nyingine. Lakini hapana anayeweza kukana kwamba katika Lubaga DP ilikuwa kama jamaa wa nyumbani.

Jamaa huyo alikuwa amepatwa na mengi. Benedicto Kiwanuka, aliyeiongoza DP tangu mwaka 1958, alishinda uchaguzi wa mwaka 1961 akawa mkuu wa kwanza wa serikali ya ndani, kisha akashindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962 kabla ya Uhuru. Mwaka 1972, akiwa Jaji Mkuu, alikamatwa na askari wa Idi Amin mahakamani kwake, asionekane tena. Na kabla ya hapo, mwezi wa Mei 1966, jeshi lilikuwa limelishambulia jumba la Kabaka pale Lubiri, kilima cha jirani, kwa amri ya serikali ya Milton Obote. Milio ya siku ile ilisikika vizuri Lubaga. Kwa hiyo, mwaka 1980 ulipofika, na Obote akarudi kutoka Tanzania kukiongoza chama cha UPC, wazee wa Lubaga walikwenda kupiga kura wakiwa na hesabu yao ya zamani mkononi. Vijana walikuwa na sababu nyingine. Tangu uchaguzi wa 1962 ilikuwa imepita miaka 18, na hakuna aliyewaita wananchi wa Uganda kuchagua serikali. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa mtu mzima ambaye hajapata kuliona sanduku la kura.

Yamkini wanasiasa walishangilia viti vya Bunge. Akina mama walishangilia jambo lililo karibu zaidi na jiko. Kampala ya mwaka 1980 ilikuwa na njaa ya vitu vidogo vidogo: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Bei iliyoandikwa na serikali ilikuwa moja, na bei ya magendo ilikuwa nyingine kabisa, na mshahara wa mwezi uliweza kumalizika kwa kununua vitu ambavyo zamani vilinunuliwa kwa chenji. Usiku risasi zililia mjini, na asubuhi watu waliulizana ni nyumba ya nani iliyoingiliwa. Mtu aliyeishi hivyo akisikia kwamba serikali mpya imepatikana, hafikirii katiba. Anafikiri kwamba pengine kesho mlango wake hautavunjwa, na kwamba Krismasi, ambayo ilikuwa imebakiza wiki mbili, watoto watakunywa chai yenye sukari.

Lakini hesabu ilikuwa bado. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi waliokuwa wakishangilia hawakulipima vizuri.

Bunge lile lilikuwa na viti 126 vya kuchaguliwa, na chama kilichotaka kuunda serikali kilihitaji viti 64. Kabla hata ya sanduku la kwanza kufunguliwa, wagombea 17 wa UPC walikuwa wamekwisha kutangazwa kupita bila kupingwa, na malalamiko yalikuwa mengi kwamba wapinzani wao walizuiwa wasijiandikishe. Vikabaki viti 109 vya kushindaniwa. UPC ilihitaji 47 tu kati ya hivyo. DP ilihitaji 64, yaani karibu viti sita katika kila kumi. Mtu wa Lubaga aliyesikia kwamba DP imeshinda hapa, na pale, na kwa shangazi yake Masaka, alikuwa akisikia ukweli mtupu. DP ilichukua karibu viti vyote vya Buganda. Ila Buganda ni karibu na Kampala, barabara zake zafahamika, na habari zake hufika kwanza. Habari za Lango, za Acholi na za nchi ya mbali zilikuwa bado njiani. Anayehesabu debe la maharage kwa kuyatazama ya juu tu hajadanganywa na maharage.

Upigaji kura wenyewe ulikuwa wa shida. Kila chama kilikuwa na sanduku lake, na DP ilikuwa imedai bure kwamba liwekwe sanduku moja kwa vyama vyote. Vifaa vilichelewa sehemu nyingi siku ya Desemba 10, ikabidi upigaji kura uendelee tarehe 11. Watu walisimama tangu alfajiri mpaka jua likazama, wengine na watoto mgongoni, wala hawakuondoka. Uvumilivu ule unastahili kukumbukwa kuliko hotuba zote zilizotolewa mwezi ule.

Basi furaha ikiwa barabarani, ilikuja sauti kutoka Redio Uganda. Paulo Muwanga, Mwenyekiti wa Kamisheni ya Kijeshi iliyoitawala nchi tangu Mei 1980, alitangaza kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kutoa matokeo ya uchaguzi isipokuwa kwa idhini yake. Hesabu za wasimamizi zingepelekwa kwake, naye ndiye angeamua ikiwa uchaguzi wa mahali fulani ulikuwa halali. Na uamuzi wake usingeweza kupingwa mahakamani. Atakayevunja amri hiyo alitishiwa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitano.

Furaha ya watu wengi ikizimwa mara moja, huacha kimya cha namna yake. Waliokuwa barabarani walirudi nyumbani kabla ya giza. Matawi yalitupwa. Redio, ambayo mchana ilikuwa imewekwa dirishani ili majirani wasikie, ikarudishwa ndani na sauti ikapunguzwa. Wapo waliosema kwamba ni utaratibu tu wa serikali, mambo yatatengenea. Wapo waliofahamu papo hapo, hasa wazee waliokuwa wamekwisha kuona tawala nne au tano zikija na kuondoka, kwamba mtu hajipi mamlaka ya kutangaza ushindi ambao hakusudii kuugusa.

Na katika nyumba za askari na polisi jioni ile ilikuwa nzito zaidi. Askari wa zamu hakuwa na ruhusa ya kushangilia wala ya kununa. Yule aliyekuwa amesimama mchana akiwatazama majirani zake wakicheza, usiku alisimama mahali pale pale akihakikisha hawatoki. Kampala wakati ule ilikuwa na jeshi jipya la Uganda, polisi waliobaki kutoka tawala zilizopita, na maelfu ya askari wa Tanzania ambao walikuwapo tangu kuanguka kwa Amin mwezi wa Aprili 1979. Wote hao walitii amri, maana ndiyo kazi yao. Lakini nyumbani mke hamuulizi mumewe habari za amri. Humuuliza, “Baba watoto, utarudi saa ngapi?” na akijibiwa kwamba haijulikani, hufunga mlango, huwalaza watoto chini mbali na dirisha, na hukaa macho.

Waangalizi wa Jumuiya ya Madola, walioongozwa na Balozi E. M. Debrah wa Ghana, walionyesha wasiwasi wao juu ya tangazo la Muwanga, naye muda si mrefu akalilegeza, Tume ya Uchaguzi ikaruhusiwa kutangaza matokeo. Lakini ngozi ilikuwa imekwisha kuchanika. Hata kama kila hesabu iliyotangazwa baadaye ingekuwa sahihi mpaka kura ya mwisho, nani angeiamini baada ya kusikia kwamba ilipita, au ingeweza kupita, mkononi mwa mtu mmoja aliyekuwa na upande wake? UPC ilipewa viti zaidi ya 70, DP viti 50 hivi, chama kipya cha UPM cha Yoweri Museveni kiti kimoja, na CP hakikupata hata kimoja. Waangalizi walipima mambo yote wakasema kwamba, pamoja na kasoro nyingi, uchaguzi ulikuwa halali kwa jumla. Maneno hayo yalisomwa kwa namna moja London na kwa namna nyingine kabisa Lubaga. Obote aliapishwa Desemba 15, 1980, na hivyo akawa Rais kwa mara ya pili.

Yaliyofuata yalitokana na namna kila mtu alivyoyapokea matokeo hayo. Ssemogerere alikataa kwamba ameshindwa kwa haki, lakini akawaingiza wabunge wake Bungeni akawa kiongozi wa upinzani. Wengi katika chama chake mwenyewe walimlaumu kwa jambo hilo. Kwao ilikuwa kama kula chakula cha mwizi katika nyumba yako. Yeye alishikilia kwamba pana haja ya kuwapo watu wa kusema ndani ya Bunge wakati watu wanapokamatwa na kupotea nje yake, na kwa miaka minne na nusu wabunge wa DP walisema, baadhi yao kwa hatari kubwa. Museveni, ambaye alishindwa hata katika jimbo lake mwenyewe, na ambaye alikuwa makamu wa Muwanga katika Kamisheni ile ile, alikuwa amekwisha kuonya wakati wa kampeni kwamba kura zikiibwa ataingia msituni. Februari 6, 1981, alishambulia kambi ya Kabamba akiwa na watu wachache. Dakta Andrew Kayiira naye akaanzisha jeshi lake la UFM. Hivyo kura zile zile zilimpeleka mmoja Bungeni na wengine porini.

Lubaga haikwenda porini. Vita viliifuata pale pale ilipo.

Februari 23, 1982, wapiganaji wa UFM waliishambulia kambi ya jeshi ya Lubiri. Lubiri na Lubaga zatazamana. Mtu mwenye miguu mizuri hutoka moja hadi nyingine bila kupumzika. Wapiganaji waliitumia sehemu ya Lubaga katika shambulio lao, na lilipovunjwa, jeshi likapanda kilima kuwatafuta. Kesho yake, Februari 24, ilikuwa Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki huanza mfungo wao wa Kwaresima kwa kupakwa majivu usoni. Askari wakaingia katika Kanisa Kuu, mahali ambapo hata wakati wa Amin watu waliona kwamba panaweza kuwa kimbilio. Uongozi wa kanisa, ambao makao yake yalikuwa hapo kilimani chini ya Kardinali Emmanuel Nsubuga, ulilalamika mbele ya serikali. Wakazi wa Lubaga wenye umri mkubwa bado wanaihesabu miaka yao kwa siku hiyo: kabla ya Majivu yale, na baada yake.

Si haki kusema kwamba askari aliyepanda kilima siku ile ndiye aliyeharibu uchaguzi wa 1980. Pengine yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura yake akashindwa kujua ilikwenda wapi. Siku iliyotangulia wenzake walikuwa wameshambuliwa, naye alitumwa. Aidha, si haki kumwambia mama aliyevunjiwa mlango kwamba aende akasome takwimu za majimbo. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka miezi kumi na minne nyuma, katika saa chache kati ya hesabu za vituoni na hesabu za redio, na wote wawili walikuwa wakililipa, huyu juu ya kilima na yule mlangoni pake.

Vita vilikula watu wengi, hasa katika eneo la Luwero, mpaka Obote alipopinduliwa na majenerali wake Julai 27, 1985, na Museveni akaiteka Kampala Januari 26, 1986. Muwanga alifariki mwaka 1991. Ssemogerere alikuwa waziri katika serikali ya Museveni kwa miaka kadhaa, kisha akagombea urais dhidi yake Mei 1996, akashindwa. Safari hii msitu haukuitwa. Aliaga dunia Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 90.

Katiba ya mwaka 1995 iliandikwa na watu walioikumbuka vizuri Alhamisi ile. Iliagiza kwamba kila kituo kiwe na sanduku moja tu kwa wagombea wote, lile lile lililodaiwa bure mwaka 1980. Iliagiza pia kwamba kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa, mara tu baada ya kufungwa kwa kituo, mbele ya mawakala wa wagombea, na hesabu isomwe kwa sauti na kutiwa sahihi. Matokeo ya urais lazima yatangazwe katika muda wa saa 48, na asiyeridhika anayo njia ya kwenda Mahakama ya Juu, ambayo imetumiwa mara kadhaa, ya kwanza ikiwa mwaka 2001. Hayo ni mageuzi makubwa, na mtu aliyeishi zamani zile hawezi kuyadharau.

Hata hivyo pengo kati ya kituo na redio halijafutika kabisa. Limepungua upana tu. Katika uchaguzi wa Januari 14, 2021, watu wa Lubaga, kama watu wengine wa Kampala, walipiga kura katika mji uliojaa askari, baada ya ghasia za Novemba 2020 ambamo, kwa hesabu iliyotolewa na serikali yenyewe, watu 54 walipoteza maisha. Intaneti ilikuwa imefungwa tangu jioni ya Januari 13. Kituo baada ya kituo katika sehemu hiyo ya mji, jina lililosomwa mara nyingi ni la Robert Kyagulanyi, aitwaye Bobi Wine. Asubuhi ya tarehe 15 Mwenyekiti wa Tume, Jaji Simon Byabakama, alianza kusoma matokeo ya mwanzo kidogo kidogo, naye Museveni akiongoza tangu sehemu ya kwanza. Tarehe 16 yalikamilika: Museveni asilimia 58 na zaidi, Kyagulanyi karibu asilimia 35. Mtu aliyekuwa na picha ya karatasi ya kituo chake ndani ya simu hakuwa na njia ya kumtumia nduguye picha hiyo, wala ya kuipata ya nduguye. Kyagulanyi alisema kura zimeibwa, Tume ikasema uchaguzi ulikuwa wa haki, na shauri aliloliwasilisha mahakamani akaliondoa mwezi uliofuata. Wazee waliokaa na wajukuu wao jioni zile mbili, wakisikiliza takwimu zikija sehemu kwa sehemu, walikuwa na la kusimulia kuhusu subira na kuhusu shangwe za mapema, na wajukuu hawakuwa na hamu kubwa ya kusikia.

Lakini shughuli ya kituoni yenyewe ni nzuri kuitazama, na yeyote asiyepata kuiona angefaa aione mara moja. Hufanyika nje, chini ya mwembe au uwanjani. Meza huwekwa, na juu yake beseni la plastiki, lile lile la kuoshea vyombo, ambamo mpiga kura huinamisha kichwa na kutia alama yake bila kuonekana na jirani. Ifikapo saa kumi jioni kituo hufungwa, sanduku humwagwa mezani, na karatasi huinuliwa juu moja moja ili watu wote waione. Msimamizi hutaja jina. Umati hupiga kelele au hunyamaza, kwa kadiri ya jina lenyewe. Polisi mmoja huwa amesimama kando, mikono nyuma, akisikiliza pia. Giza likianza kuingia kabla karatasi hazijaisha, mtu hutoa taa, mwingine humulika kwa simu, na akina mama ambao chakula chao kimeungua nyumbani hubaki pale pale wakihesabu kwa vidole.